Jicho Mbele ya Ukumbi

Nanga alikuwa daktari wa macho, na jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu akikaa amekaa. Kiti alichokalia yeye hakikuhitaji miguu minne; mmoja ungetosha. Lakini habari yake si kukaa. Habari yake ni kwamba alikuwa ameingiwa na ganzi.

Si ganzi ya mkono wala ya mguu, ile unayoamka nayo ukajipigapiga paja kama unafukuza mbu. Hii ilikuwa ya ndani, na haikuletwa na msiba. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyemkimbia. Iliingia kama unyevu unavyoingia ukutani: leo ukuta mkavu, kesho rangi inabambuka, na huwezi kusema maji yalipita lini. Binti yake alipojifungua mtoto wa kiume, mkewe alikuja mbio kumpa habari. Nanga akasema, "Vizuri," kisha akaomba chumvi. Na siku upepo ulipong'oa paa la kliniki yake, wagonjwa wakatawanyika, nesi akaingia chini ya meza, yeye alitazama juu, akasema sasa mwanga umekuwa mzuri, akamwambia mgonjwa asome herufi za mstari wa tatu. Mgonjwa alikuwa ameshafika barabarani. Inasemekana aliusoma kutoka huko huko, bila kukosea hata moja.

Kazi aliifanya kama kawaida. Mikono haikuwa na habari na yaliyompata mwenye mikono.

Sasa, watu wa kazi hiyo wana sheria yao: daktari asiyerudi darasani hufungiwa mlango wa chumba cha upasuaji. Dawa hubadilika, vyombo hubadilika, na jicho la mwanadamu peke yake ndilo limekataa kubadilika. Kwa hiyo kila baada ya muda madaktari huitwa, hukalishwa kwenye viti vigumu, hufundishwa mapya, hupewa pointi. Huna pointi, huna leseni. Nanga alikwenda kwenye mafunzo hayo kama mtu anavyokwenda kunyolewa.

Siku ya kwanza walifundishwa matone mapya ya presha ya jicho, na sindano zinazodungwa ndani ya jicho kwa wagonjwa wa kisukari. Siku ya pili waliletewa macho ya mbuzi kwenye ndoo ya barafu, wayafanyie mazoezi chini ya hadubini. Macho yale yaliwatazama madaktari kwa dharau ambayo mbuzi mzima hajawahi kuwa nayo.

"Nanga, mbuzi wako amekufa mara ya pili," alisema daktari wa meza ya jirani, akichungulia.

"Hajalalamika," Nanga akajibu.

"Na wewe hulalamiki. Sijui nani kati yenu anampasua mwenzake."

Wenzake wakacheka. Mratibu wa mafunzo, mama mwembamba mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, akawanyamazisha, akamwendea Nanga.

"Kesho ni upasuaji wa moja kwa moja," akamwambia. "Mgeni wetu atapasua ghorofani, sisi tutamwona ukumbini kwenye skrini. Wewe utakuwa mwenyekiti wa kipindi. Utashika maiki, utapokea maswali."

"Kwa nini mimi?"

"Wengine wote wanapenda kuongea."

Nanga akasema sawa.

Jioni hiyo, nyumbani kwake, dada yake alikuwa mezani akigonga jicho lake la kushoto kwa kijiko. Lilitoa mlio wa kikombe kilichojaa nusu.

"Wifi, tunakula," alisema mke wa Nanga.

"Na mimi nabisha hodi tu, wifi yangu. Labda kuna mtu humo atafungua."

Jicho lile lilikuwa la bandia. La kwake alilipoteza akiwa msichana, kipande cha kuni kiliporuka kwenye shoka. Fundi aliyemtengenezea hili alikuwa mtu na nusu: alilichora kwa brashi ya unywele mmoja, akatandika vijishipa vyekundu vya nyuzi za hariri, likafanana na mwenzake mpaka nzi akija kutua hajui la kukwepa. Dada huyu alikuwa amemlea Nanga, mama yao akiwa mtu wa kuugua, na baadaye akajifunza ufundi saa. Watu walimshangaa, fundi saa mwenye jicho moja. Yeye aliwaambia kazi hiyo haitaki mawili. "Wenzangu wanalifumba moja bure kila siku. Mimi langu nimelistaafisha kabisa."

Lakini hilo la kulia lililobaki lilikuwa limeota mtoto wa jicho, mgumu, wa rangi ya hudhurungi. Meza yake ya kazi ilikuwa imefunikwa shuka. Saa za watu zililala kwenye droo, kila moja imekufa saa yake. Kesho yake mchana alikuwa kwenye orodha ya hospitali ile ile ya mafunzo, apasuliwe na daktari wa zamu, kwa mkono, kimya kimya. Likipona, atarudi kwenye saa zake. Likiharibika, hakuna jingine la kwenda nalo hata chooni.

"Kwa nini usinipasue wewe?" aliuliza. "Mimi niliyekubadilisha nepi."

"Hatupasui ndugu, dada."

"Mnaona aibu?"

"Mkono ukijua jicho ni la nani, hautulii."

Dada alimgeuzia lile jicho lake la kulia, ambalo wakati huo lilimwona kama ukungu uliovaa shati. "Wako utatulia," akasema. "Ulikuwa unaiba sukari nimesimama nyuma yako, na kijiko hakitikisiki."

Mkewe akacheka. Nanga naye akacheka, pale panapochekwa.

Asubuhi alitakiwa ampitie wodini kumwambia maneno mawili matatu ya kumtia moyo. Alifika mpaka mlango wa wodi, akayatafuta yale maneno, hakuyaona, akashuka ukumbini.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mbele palining'inizwa skrini kubwa kama shuka la kitanda cha jitu. Nyaya zilipanda ngazi mpaka chumba cha upasuaji, picha ikishuka, sauti ikipanda na kushuka. Kando ya meza ya mwenyekiti alikaa fundi mitambo, bwana mnene aliyekuwa akila karanga kutoka mfuko wa shati, mbele yake visanduku vyenye vitaa. Mstari wa kwanza alikaa Bwana Mashine, muuzaji wa mashine mpya ya kuvunja mtoto wa jicho kwa mtetemo na kumnyonya kwa mrija. Mashine ile ndiyo ilikuwa bibi harusi wa siku. Mchana alikuwa aizungushe kwa waganga wakuu wa hospitali tatu.

Mpasuaji mgeni aliitwa Dakika Nane, kwa kuwa ndizo alizozihitaji kwa jicho zima. Waongo walisema mgonjwa wake mmoja alipiga chafya, na kabla hajasema samahani alikuwa ameshavalishwa viatu.

Sauti ilifika kwanza, picha ikachelewa. Fundi mitambo alitikisa waya huu, akatikisa ule, akapiga kisanduku kofi. Picha ilipotokea, Dakika Nane alikuwa ameshafungua mlango wake pembeni mwa jicho, mdogo kuliko punje ya mchele, na ameshachuna utando wa mbele wa ule mfuko unaobeba mtoto wa jicho. Ukumbi ukaguna kwa kuridhika. Jicho lilijaa skrini nzima. Uso wote ulikuwa chini ya kitambaa cha buluu. Hapakuwa na mtu pale, palikuwa na jicho tu, kubwa kama beseni la kufulia.

Nanga alilitazama. Kwenye ukingo wa duara la kahawia, chini kidogo upande wa pua, palikuwa na kidoa cheusi chenye umbo la punje ya ulezi, na kidoa kingine kidogo kimeegemea pale kama ndama ubavuni mwa mama yake.

Watu wengine hutambua uso. Yeye, kazi ilikuwa imemzoesha kutambua hapo. Alijua ni jicho la dada yake kama mtu anavyojua leo ni Jumanne.

Yaliyotokea alikuja kuyasikia baadaye, na hayakuwa makubwa. Mgonjwa aliyeandaliwa kwa onyesho, dereva mmoja mstaafu, aliamka na usaha jichoni. Huwezi kupasua usaha. Ikapigwa kelele kwamba anatafutwa haraka mtoto wa jicho mgumu, mwenye kuonyesha nguvu za mashine, na Dada alikuwa tayari kwenye orodha ya mchana, ameoga, ana mshale wa kalamu juu ya nyusi ya kulia. Wakamwambia atatazamwa na madaktari sitini. Akasema wangemwambia mapema angechana nywele, akaweka sahihi. Faili lake, lenye habari ya jicho la bandia, lilikuwa linakuja na mhudumu, na mhudumu alikuwa anakuja na ngazi, kwa sababu lifti ilikuwa imelala. Aliyempokea alitazama akaona macho mawili mazuri, moja lina mtoto wa jicho, jingine safi. Naye Dakika Nane alitazama akaona hivyo hivyo. Hospitali nzima ya macho ilitazama jicho la plastiki na kuliona zima. Fundi aliyelichora angekuwa hai angeomba apigwe picha nalo.

"Mama, unaendeleaje?" ilisikika sauti ya Dakika Nane.

"Mwanangu, mwanga ni mzuri," ikajibu sauti ya Dada kwenye spika zote za ukumbi. "Wa bluu, wa waridi. Mngeniwekea na muziki."

Ukumbi ukacheka. Nanga akashika maiki.

Dakika Nane akaingiza mrija wa mashine. Ikalia kama mbu aliyemeza nyuki. Akamgusa mtoto wa jicho ili amzungushe, na hapo mtoto wa jicho, badala ya kuzunguka ndani ya mfuko wake, aliyumba na mfuko wenyewe, mzima, kama jino bovu linaposukumwa na ulimi.

Sauti ya mashine ikakatika. Hakuna mtu ukumbini aliyehitaji kuelezwa. Mfuko ule hushikiliwa na nyuzi nyembamba pande zote, na za huyu zilikuwa zimeoza.

"Mmeona," alisema Dakika Nane. "Mnashauri nini?"

Hilo lilikuwa kosa. Mpasuaji haulizi ukumbi, kama dereva asivyowaachia usukani abiria wote. Mikono ikainuka kama darasa la watoto walioulizwa nani anataka peremende.

"Punguza mnyonyo, endelea."

"Weka pete ya kutanua mfuko."

"Pete itakata zilizobaki. Weka kulabu."

"Endelea na mashine," alisema Bwana Mashine, ambaye hakuinua mkono wala hakuwa daktari. "Hii ndiyo kesi yake. Imetengenezwa kwa ajili ya hii."

"Mimi nimeshafanya kumi za hivi."

"Kumi, na ngapi zilipona?"

"Samahani," ikasema sauti ya Dada. "Nyinyi wote mmesomea jicho hili hili moja?"

"Mama, tafadhali usiongee. Jicho linacheza."

"Wao waongee, mimi mwenye jicho ninyamaze. Haya."

Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na hapa manahodha walikuwa sitini, kila mmoja na shahada yake. Mashine ikaanza kulia tena, kidogo kidogo. Mtoto wa jicho akayumba.

Hapo ndipo mtu angeogopa. Nanga aliingojea hofu kama unavyongoja simu iite, haikuita. Alichokuwa nacho ni mambo makavu, moja likifuata jingine. Akiendelea na mashine, nyuzi zitakatika na mtoto wa jicho atazama nyuma, chini kwenye ute wa jicho, ambako wa kumwopoa ni daktari wa retina, na daktari wa retina hayupo. Akiiacha mashine, akapanua kidonda, akamtoa mtoto mzima mzima kwa mkono kama walivyofanya wazee wao, jicho litapona. Dakika Nane analijua hilo. Kila mtu humu analijua, ukimuuliza peke yake kwenye korido. Lakini kijana yule hayuko kwenye korido. Ameitwa kutoka mbali aje aonyeshe mashine, na mtu anayetazamwa na watu sitini harudi nyuma. Ataendelea mbele mpaka adumbukie, kisha wote watasema pole.

Angeweza kumwambia, huyo ni dada yangu na hana jingine. Ingekuwa kweli tupu. Na mkono ule ungejua jicho ni la nani.

Nanga akamwinamia fundi mitambo. "Zima."

"Nizime nini, daktari?"

"Picha. Kisha sauti, nikishasema nao."

"Mratibu ataniua."

"Mratibu ni daktari. Kabla hajakuzika ataangalia kama unapumua. Zima."

Fundi mitambo alimtazama usoni akitafuta mzaha, hakuona mzaha wala kitu kingine chochote. Akabonyeza. Jicho likatoweka, shuka la jitu likabaki jeupe. Ukumbi ukaguna, viti vikalia.

Nanga akaleta maiki mdomoni. "Daktari," alisema, kwa sauti ile ile aliyoombea chumvi. "Picha imekatika. Hatukuoni, na sasa tunakata sauti. Hakuna anayekutazama. Mfanyie kama ungekuwa kwako."

Akajibu Dakika Nane, polepole: "Sawa."

"Na mimi?" ikauliza sauti ya Dada. "Nani anazungumza hapo, mbona kama—"

Kitaa cha mwisho kikazimika.

Kelele zilizofuata zingeweza kuinua lile paa la kliniki na kulirudisha mahali pake. Huyu anauliza waya umekatika wapi, yule anadai amesafiri siku nzima kuja kuona hili, Bwana Mashine amesimama anapunga mikono kama anaelekeza ndege itue. Nanga akangoja wachoke kidogo, kisha akasema kwenye maiki, "Chai iko tayari."

Haikuwa tayari. Lakini daktari hata awe na hasira ya kumla mtu, akisikia chai hukumbuka kwamba mtu huchelewa kuiva. Ukumbi ukaanza kumwagika kuelekea mlangoni, ukinung'unika.

Akabaki yeye na fundi mitambo.

"Daktari, huendi?"

"Hapana."

"Tunaweza kuwasha sisi wawili tu," alisema fundi, sauti chini. "Tuchungulie. Hawatajua."

Nanga akaitazama ile skrini nyeupe. Ikiwashwa, angejua papo hapo kama jicho limepona au limeharibika. "Nimemwambia hatumwoni," akasema.

Fundi akampa karanga. Nanga akazitafuna moja moja. Alijiambia kwamba juu ya dari hii, ngazi moja tu, dada yake anapona au anapofuka, na kwamba karanga hizi zimezidishwa moto. Mawazo hayo mawili yalikaa pamoja bila kusukumana. Hilo ndilo lililomsumbua, kama usumbufu ni neno lake: kwamba yalikuwa na uzito sawa.

Mratibu alifika miwani zote mbili zikiwa kichwani.

"Waya hauna kosa," alisema. "Nimeuliza. Umezima wewe."

"Ndiyo."

"Umezima somo langu la mwaka mzima."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nanga akafikiri jibu fupi lililo kweli. "Alikuwa anapasua kwa ajili yetu."

"Ndiyo maana ya mafunzo, Nanga." Alikaa kwenye kiti, akasimama tena. "Pointi za kipindi hiki sitampa mtu. Wewe sitakupa hata za mbuzi. Utarudia mafunzo yote, na mpaka uyarudie hutashika kisu."

"Sawa."

"Usiniambie sawa. Niambie kitu ambacho mtu anaweza kukijibu."

Nanga akakunja waya wa maiki. Mratibu akamwacha, akaenda kumtuliza Bwana Mashine, ambaye huko nje alikuwa akisikika anaihutubia birika.

Dakika Nane alishuka akiwa bado na kofia ya chumba cha upasuaji, alama za barakoa zimemkaa mashavuni. Alivuta kiti akakaa mbele ya Nanga, magoti yakaribia kugusana.

"Nilimtoa mzima," alisema. "Nilipanua, nikamtelezesha nje na mfuko wake. Hakuna kilichozama. Lenzi ya bandia nimeishona pembeni. Imenichukua karibu saa."

"Basi jina lako limekufa."

"Limekufa." Akacheka bila nguvu. "Nilikuhesabu adui mwanzoni. Nikasema huyu mzee ananiaibisha mbele ya watu. Kisha nikaona sijui ni nani aliyekuwa anashika mrija ule, mimi au ukumbi." Akavua kofia. "Uliona nyuzi zile ukajua nitaendelea?"

"Wote wangeendelea."

"Yule mama ni wa ajabu. Alikuwa ananiimbia. Mgonjwa wako?"

"Dada yangu."

Dakika Nane akaacha kuikunja kofia.

"Na lile jingine?" aliuliza, na sauti ilikuwa inajua kwamba inauliza kitu kibaya. "Lile la kushoto?"

"La bandia. Tangu utotoni."

Mikono ya kijana, ile iliyosemwa kwamba ingeweza kuvisha uzi sindano ndani ya basi lenye tairi bovu, ilianza kutikisika kwenye mapaja. Ilianza vidoleni, ikapanda viganjani. Akaikalia, ikatikisika na kiti.

"Ungeniambia," akasema.

"Ingeanza hapo juu."

Dakika Nane akatingisha kichwa kukubali, meno yakigongana. Fundi mitambo alimletea maji, nusu yakamwagikia shati. Nanga aliitazama mikono ile muda mrefu. Kisha akaiweka yake mezani, chini ya taa, vidole vimetandazwa, akaitazama hiyo pia. Ilikuwa imetulia kama mikono ya picha. Alifikiri kwamba angependa kubadilishana na kijana, hata kwa mchana mmoja, akajua hapohapo kwamba hata kupenda kwenyewe alikuwa anakukisia.

Asubuhi iliyofuata alipanda wodini. Dakika Nane alikuwa ameshamwondolea Dada bandeji, ameshampima, ameshaondoka kuwahi safari yake. Dada alikuwa amekaa kitandani, miguu haifiki chini, anasoma kwa sauti maandishi ya kila kitu kilichokuwa ukutani. Jicho lilikuwa jekundu kama limetoka kugombana.

"'Usitupe taka kwenye sinki,'" alisoma. "'Mlango huu haufunguki, tumia ule.' Mdogo wangu, ulimwengu una maneno mengi. Pale panasemaje? Usiniambie. 'Nawa mikono.'"

"Linauma?"

"Linawasha tu. Yule kijana amesema nikipona vizuri, saa zangu nitazirudia. Saa ya mkono bado, nianze na za ukutani." Akajikuna shavu. "Ni wewe uliyezima."

"Ndiyo."

"Nilikusikia. Nikasema huyu ni mdogo wangu, mbona anaongea kama mtu anayesoma tangazo la kituo cha treni. Sogea hapa."

Akasogea. Dada akamshika kidevu, akamgeuzia dirishani kwenye mwanga kama anavyogeuza saa kutafuta kifuniko chake kinapofungukia. Muda mrefu alikuwa hajaiona sura hiyo ila kama ukungu. Aliitazama yote, paji, macho, pembe za mdomo, akarudi tena machoni, na uchangamfu wake ukapungua polepole mpaka ukaisha.

"Hii ilianza lini?" akauliza.

"Nini?"

"Usinichezee, mimi si mke wako. Hapa hapana mtu. Ilianza lini?"

Nanga akafungua mdomo kusema hakuna kitu, uchovu, mafunzo. "Sijui, dada," akasema. "Muda."

"Unalala?"

"Nalala."

"Unakula?"

"Nakula."

"Nilipokuwa pale juu, uliogopa?"

Nesi alipita na kigari cha dawa, gurudumu moja likilia. Nanga akangoja kipite.

"Hapana," akasema. "Nilingoja niogope. Haikuja."

Dada hakushtuka, wala hakumwachia kidevu. "Na huko kwenu kote mnakosoma, mnaletewa mpaka macho ya mbuzi, hili hawalifundishi?"

"Halina pointi."

"Basi." Aliteremka kitandani, akatafuta viatu kwa miguu, akavikuta. "Umefungiwa kisu, nimesikia manesi wanasema. Kwa hiyo huna pa kwenda. Utakuja kwangu kila asubuhi. Utakaa upande wa pili wa meza yangu."

"Nifanye nini? Saa sizijui."

"Sijakuambia ufanye. Utakaa. Si ndiyo kazi unayoiweza?" Akamshika mkono juu ya kiwiko, si kwa kujiegemeza, maana sasa alikuwa anaiona njia, alimshika kama mtu anavyomshika mgonjwa anapomvusha barabara.

Wakatoka hivyo. Nanga aliuona mkono wa dada yake kwenye mkono wa shati lake, akaona unavyomkaza, na joto lake likamfikia kama linavyofika kupitia glavu. Hakuuondoa. Kwenye korido Dada alisimama kila mlango, akasoma kilichoandikwa, na Nanga akasimama naye.